Sindano Namba Kumi na Nne

Fagio si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na watu elfu kumi na moja ambao karibu wote hakuwahi kuwaona sura: wanachama wa Kijiwe, jukwaa la mtandaoni walikokutana waandishi wa programu za kompyuta kuulizana, kujibizana na kutaniana. Walimwita hivyo kwa sababu alifagia. Mtu akileta matangazo ya dawa za kupunguza tumbo, anafagia. Wawili wakitukanana, anafagia wote, aliyeanza na aliyejibu. Na mtu akiuliza swali ambalo mwingine alishaliuliza zamani, Fagio alilifunga kabla muulizaji hajanyoosha mgongo.

"Fagio limepita," wanachama waliandika.

"Mimi nimepepesa macho tu, kufumbua nakuta swali langu limefungwa."

"Shukuru wewe mwenyewe bado upo."

Naye alicheka nao. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mwepesi wa machozi kuliko walivyodhani, na kazi ile aliifanya kwa mapenzi. Miaka ya chuo, alipokuwa hana wa kumwuliza, ni Kijiwe kilichomfundisha, tena kwa lugha anayoiota usiku. Akajiapiza kwamba akipata nafasi atakitunza, ili yeyote asiye na mwalimu aingie akute majibu yamepangwa vizuri, asikute vurugu la swali moja lililoulizwa mara mia tatu. Hicho ndicho alichokuwa akikilinda kila alipobonyeza kitufe chake. Kitufe kilibeba maneno aliyoyaandika mara moja na kuyatumia maelfu ya mara: "Swali hili limeshaulizwa. Tafuta kwanza kabla ya kuuliza. Limefungwa."

Mwanachama akifungiwa maswali matatu, mfumo wenyewe ulimtia kifungoni. Kifungo kilikuwa cha kimyakimya, na hilo lilikuwa wazo la Fagio. Aliyefungiwa hakuambiwa. Ukimwambia mtukutu kwamba umemfungia, baada ya dakika tano amejiandikisha upya kwa jina jingine. Usipomwambia, ataandika, ataandika, atachoka, ataondoka mwenyewe. Kwa hiyo kila alichotuma kiliangukia mahali walipopaita kapu, naye akaonyeshwa maneno ya upole: "Ujumbe wako umepokelewa. Msimamizi atausoma." Hakuna msimamizi aliyesoma. Kila ujumbe ukitimiza siku thelathini ndani ya kapu, ulifutika.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na kwa miaka minne hakuna aliyelalamika.

*

Siku ya kumi na mbili baada ya kumzika baba yake, asubuhi kama saa tatu, Fagio alikuwa amekaa katika chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi wake. Kwa miaka thelathini na tano chumba kile kilikuwa karakana ya cherehani. Baba yake alikuwa fundi wa kuzitengeneza, si wa kushonea. Watu walizoea kukosea, naye alizoea kuwajibu, "Mimi hata kifungo siwezi kushona. Mimi ni daktari, ila wagonjwa wangu wana miguu ya chuma."

Wagonjwa watano walikuwa bado wamepangwa ukutani, kila mmoja amefungwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Pembeni kulikuwa na kabati la droo ndogondogo zilizoandikwa kwa kalamu nene: mikanda, skrubu, bobini, sindano. Chumba kilinuka mafuta ya mashine, na harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Nguo za baba walishazigawa. Harufu hawakuwa na mtu wa kumpa.

Kompyuta yake ya kazi ilikuwa kwenye begi, hajaigusa tangu afike. Wenzake walimwambia apumzike, Kijiwe kitamsubiri. Kwa hiyo alikuwa amekaa tu, anatazama kiti cha baba yake. Ni kwenye kiti hicho hicho ndipo moyo wake uliposimama, bisibisi mkononi, bila hata kuaga.

Mama yake aliingia kutoka ndani, amekumbatia kompyuta kuukuu ya kukunja, waya wake unaburuta sakafuni.

"Hii ni yako," alisema. "Ile uliyomwachia ulipomaliza chuo. Mimi nitaifanyia nini? Toka juzi inalia tu chumbani."

"Inalia?"

"Ile ting! yake. Baba yako aliiongeza sauti mpaka mwisho, si unajua masikio yake yaliliwa na hizi mashine. Ikilia yuko bafuni, anatoka na povu kichwani. Namwuliza, unakimbilia nini, mzee mzima? Anasema, 'Nimejibiwa!' Anafika, anatazama, anarudi kuoga. Kumbe ni tangazo." Mama alicheka kidogo, kisha akakunja midomo, akaiweka kompyuta juu ya meza ya kazi.

"Alikuwa anafanya nini nayo?"

"Si alikuwa kwako."

"Kwangu wapi?"

"Huko kwenu, mtandaoni. Kila asubuhi akimaliza chai, 'Ngoja nimpitie mtoto.' Basi hapo humwoni mpaka mteja agonge mlango. Alikuwa anajifunza hizo programu zenu. Kuna kitu alikuwa anakitengeneza, akimaliza ndiyo akuonyeshe. Mimi nilikatazwa kusema. 'Ukimwambia nitakuhama.' Ahamie wapi, na goti lile?"

Mama yake alikuwa akiuzungusha waya mkononi, polepole, kama anayesokota uzi.

"Ila alisema kuna mmoja huko, anaitwa Fagio."

"Eh."

"Huyo anawafungia watu maswali kama mtu anayefunga duka mvua ikija. Baba yako alikuwa anakaa hapo anasikitika. 'Masikini mwanangu, kumbe ndiyo maana hana muda wa kuongea. Angalia mtu anayefanya naye kazi.' Akasema siku akikuonyesha hicho kitu chake, atakuomba umsemeshe huyo Fagio. Umwambie kwamba wengine ni wazee, aende nao taratibu. Unamjua?"

"Namjua."

"Ni mwanamume?"

"Hapana."

"Mh," mama alisema, akaenda zake jikoni.

*

Kompyuta haikumwuliza nenosiri. Baba alikuwa ameliandika kwenye kipande cha plasta na kukibandika chini ya kioo, lakini halikuhitajika. Ukurasa ulikuwa wazi vilevile alivyouacha. Ulikuwa ukurasa wake wa mwanachama. Juu, kwa herufi kubwa: Sindano14.

Jina hilo alilijua kabla hajajua kusoma. Alipokuwa mdogo, baba akiwa ameinama chini ya mashine na uso hauonekani, mkono ulikuwa unatokea pembeni, kiganja juu. "Sindano namba kumi na nne, mama." Alizoea kumwita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. Naye alikimbia kwenye droo ya tatu kutoka juu, akauletea ule mkono sindano kwa adabu zote, kichwa mbele. Namba kumi na nne ni ya kitambaa cha kawaida, ndiyo iliyokuwa ikitakiwa kila mara. Aliweza kuitafuta amefumba macho, na walikuwa wakishindana hivyo, baba anahesabu, yeye anapapasa.

Na jina hilo lilikuwa limepita mbele ya macho yake mara tatu, miezi mitano nyuma, asimsome mtu. Macho yake yalikuwa yakitafuta kosa.

Maswali yenyewe yalikuwa pale, na chini ya kila moja muhuri wake.

La kwanza: "Habarini wakubwa zangu. Nimeandika kitanzi cha kuhesabu mpaka kumi lakini kinaishia tisa. Nimekirudia mara nane. Kosa langu liko wapi?" Kitanzi ni amri ya kuiambia kompyuta irudie jambo. Swali hilo huulizwa na kila anayeanza, hata Fagio mwenyewe aliwahi kuliuliza. Limefungwa na Fagio, baada ya sekunde arobaini.

La pili: "Samahani kwa usumbufu. Kompyuta inasema hailijui jina nililoipa, na mimi nimeliandika vilevile, herufi kwa herufi." Limefungwa na Fagio, baada ya dakika moja.

La tatu: "Nataka programu ya kunikumbusha cherehani ipi imefika siku ya kutiwa mafuta. Mimi ni fundi, kumbukumbu zinaanza kuniacha. Nianzie wapi?" Limefungwa na Fagio, baada ya sekunde hamsini na mbili.

Na baada ya hapo, orodha. Mistari thelathini na mmoja, kila mmoja una tarehe tu na maneno yaleyale: "Ujumbe wako umepokelewa. Msimamizi atausoma." Mara thelathini na moja baba yake aliandika, akaamini kwamba yuko mtu upande wa pili anamsoma. Mstari wa mwisho ulikuwa wa siku kumi na tisa zilizopita. Siku tano kabla hajafa.

Fagio alihesabu kwa vidole, kama mtoto. Saba kati ya jumbe hizo zilikuwa hazijatimiza siku thelathini. Saba zilikuwa bado ndani ya kapu, na ile ya mwisho ilikuwa mojawapo.

Alikumbuka simu. Baba alikuwa akipiga mchana, wakati wa kazi, na yeye alikuwa akipokea kwa bega, vidole havitoki kwenye vitufe. "Baba, niko katikati ya kitu, nitakupigia." Naye, bila kinyongo, "Haya mama, kazi kwanza." Miezi ya mwisho hakupiga tena sana. Alidhani mzee amezoea. Alikuwa hata amefurahi kidogo, Mungu amsamehe.

Siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka kusoma alichoandika baba yake.

Akatoa kompyuta yake ya kazi kwenye begi, akaiweka kando ya ile kuukuu, akaandika anwani ya Kijiwe. Kikazunguka, kikazunguka, kikaleta ukurasa mweupe: huduma haipatikani kwa sasa.

*

Mwenzake aliyekuwa zamu aliitwa Mabano, kwa sababu hakuweza kusema jambo bila kuweka jingine katikati. Alipokea simu kabla haijalia mara mbili.

"Fagio! Pole dada yangu, pole sana, mama anaendeleaje? Mimi nilisema nisikupigie, tena kuna mtu alitaka kukupigia nikamwambia thubutu, mwacheni apumzike..."

"Kijiwe kimelala?"

"Kinaamka sasa hivi. Diski ya seva ilijaa pomoni, kuna mwehu mmoja kapandisha mapicha mpaka basi. Lakini usiwe na presha. Nimefuata daftari lako neno kwa neno, hata nukta sijairuka. Ungekuwepo ungenipa maksi zote."

Daftari la dharura alikuwa ameliandika yeye mwaka jana, ili siku asipokuwepo mtu asihangaike. Hatua ya kwanza aliikumbuka bila kulifungua.

"Hatua ya kwanza," alisema.

"Hatua ya kwanza: diski ikijaa, mwaga kapu lote. Nimemwaga. Na kweli limeachia nafasi, sijui lilikuwa na takataka gani humo..."

"Saa ngapi?"

"Nini?"

"Umelimwaga saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, ina dakika ishirini. Kwa nini? Fagio? Upo?"

Dakika ishirini zilizopita mama yake alikuwa akimsimulia habari za povu kichwani.

"Chukua nakala ya akiba ya jana," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu kiasi cha kumshangaza mwenyewe. "Rudisha kapu. Kapu tu, mengine yaache."

Alisikia vitufe vikigongwa upande wa pili. Vikanyamaza. Vikagongwa tena, kidogo.

"Dada," Mabano alisema, "kapu halimo kwenye nakala. Kuna mstari hapa unaliruka, na maelezo pembeni. 'Takataka hazitunziwi nakala.' Uliandika wewe."

Aliukumbuka mstari huo. Aliukumbuka hata mchana wenyewe, alivyoegemea kiti baada ya kuuandika na kutabasamu peke yake kwa kujiona mjanja.

"Kulikuwa na nini humo?" Mabano aliuliza. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Baba yangu."

"Sijakuelewa."

Akamweleza. Alieleza vibaya, kwa vipandevipande, na pale kwenye sindano ilimbidi asimame. Mabano hakumkatiza hata mara moja, mtu ambaye hujikatiza hata mwenyewe.

"Nisamehe," Mabano alisema.

"Hujakosa. Umefuata daftari."

Na ilikuwa kweli. Tangu aliandike, hakuna aliyewahi kulifuata vizuri kama siku ile.

Walijaribu. Kwa saa nzima walijaribu, yeye huku, Mabano kule, wakapitisha kila chombo wanachokijua cha kufukua vilivyofutwa kwenye diski. Wakapata vipande vya picha za yule mwehu, nusu ya paka, ukingo wa dirisha. Kila mahali penye nafasi palikuwa pameshaandikwa kitu kingine juu yake. Fagio alikuwa amewahi kuwaeleza wanachama wengi jambo hilo kwa upole wa kitaalamu, kwamba kilichofutwa na kuandikwa juu yake hakirudi, ndugu. Hakuwahi kujua anasema nini.

"Subiri!" Mabano alisema ghafla. "Taarifa! Kitu kikiangukia kapuni, si mfumo unatutumia taarifa kwa barua pepe? Mimi zangu nilizizima siku nyingi, zilikuwa zinanijazia sanduku. Zako je?"

Zake hazikuzimwa. Alikuwa amezitengea sheria: kila taarifa ya kapu ipelekwe moja kwa moja kwenye folda moja ya pembeni. Folda ile aliiita Baadaye. Hakuwahi kuifungua.

Akaifungua. Zisizosomwa: elfu sita mia mbili na kumi na nne. Aliitazama ile namba. Zamani angeiona ni uchafu uliofagiwa. Sasa alijiuliza ni wangapi humo walikuwa baba wa mtu.

"Mabano."

"Naam."

"Zima kile kitu kinachofuta kapu. Kizime leo."

"Nimeshakizima," Mabano alisema. "Ulipokuwa unanieleza."

Akaandika Sindano14 kwenye nafasi ya kutafuta. Zikatoka thelathini na moja.

Lakini taarifa haikubeba ujumbe wote. Ilibeba herufi mia moja na ishirini za mwanzo tu. Hilo nalo lilikuwa lake. Alizipunguza ili barua ziwe nyepesi.

Ya kwanza ilisema: "Habari za asubuhi msimamizi. Nimeona swali langu mmelipokea, asante. Mkipata nafasi mtanijibu, sina haraka. Ila nimejari"

Basi. Hapo ilikatika.

Alisoma moja moja. Baba yake alikuwa akianza kila ujumbe kwa salamu, na salamu zilikula herufi. Kuna siku alipoteza herufi zote mia moja na ishirini kwa kuwatakia heri na familia zao. Kuna siku moja hakusalimu, alikuwa na furaha mno: "Programu yangu leo imeandika jina la cherehani ya kwanza! Nimepiga kelele mpaka mke wangu akaja na mwiko akidhani ni mwi"

Alicheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, na kwenye mkia wake kikageuka kitu kingine, ikabidi aweke kiganja mdomoni ili jikoni wasisikie.

Akafika ya mwisho. Ya siku kumi na tisa zilizopita. Aliisoma kwa kunong'ona, kama vile baba anamwambia yeye sikioni, kwa ujanja wake ule wa kujifanya hamjui:

"Habari za leo msimamizi. Leo swali langu si la msimbo. Binti yangu anafanya kazi kama yenu. Nikitaka kumpigia bila kumsu"

Hakukuwa na zaidi. Yaliyofuata hayakuwepo popote. Alibaki anautazama ule mwisho wa mstari, mahali ambapo maneno ya baba yake yalisimama kama mtu aliyekatizwa mlangoni.

*

Ilikuwa saa tano alipopata nguvu ya kufanya jambo. Hakuweza kuyarudisha yaliyofutika, lakini maswali matatu yalikuwepo, na Kijiwe kilikuwa kimeshaamka. Angeyafungua.

Akabonyeza la kwanza. Mfumo ukakataa: "Huwezi kulifungua swali hili. Muulizaji amefungiwa."

Hata hilo alikuwa amelifikiria, miaka ile. Hakuacha tundu.

Akaenda kwenye orodha ya waliofungiwa, akamtafuta Sindano14, akatoa kufuli.

Ting!

Mlio ulipasuka ndani ya karakana, mkali, wa kufikia masikio yaliyoliwa na mashine. Kompyuta kuukuu ilikuwa imewaka mwanga mezani. Jikoni kitu kilianguka. Mama yake akatokea mlangoni mbio mbio, mikono ina maji, kama mtu aliyezoea kumwita mwenzake aje atazame, akakuta hakuna wa kumwita. Akasimama.

"Nani huyo?" aliuliza.

Mama akasogea, akavuta miwani kutoka kichwani, akaisoma barua iliyofunguka kwenye kioo, neno moja moja, kwa sauti:

"Karibu tena Kijiweni, Sindano14. Fagio amekufungulia."

Aliisoma mara ya pili bila sauti. Akavua miwani.

"Mwambie amechelewa," alisema.

"Anajua, mama."

"Mwambie hivyohivyo. Mwambie baba yako alikuwa akikimbia na povu."

"Mama." Alishika ukingo wa meza. "Fagio ni mimi."

Mama yake aligeuka. Alimtazama usoni, akatazama mikono yake, akatazama kioo, akarudi usoni, kama mtu anayehakikisha kama nyumba aliyoingia ni yake.

"Wewe."

"Mimi."

"Yule mkali?"

"Yule mkali. Sikujua, mama. Nilikuwa naona... sikuwa naona. Nilikuwa nabonyeza tu."

Mama alikaa kwenye kigoda cha wateja. Maji yalidondoka kutoka vidoleni, yakaweka madoa meusi kwenye vumbi la sakafu. Fagio alingoja kufukuzwa. Angeona ni haki.

"Angekucheka," mama alisema hatimaye. "Unajua hilo? Angekaa kwenye kiti hicho akucheke mpaka akohoe. 'Nimemteta mwanangu miezi mitano!' Leo tungepata amani, humu ndani?" Na hapo uso wake ukavunjika, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi, naye Fagio akapiga magoti sakafuni kwenye vumbi na mafuta, akaweka kichwa mapajani mwake, kama zamani.

Walikaa hivyo muda mrefu. Mteja mmoja alichungulia dirishani, akaona, akaondoka kimya.

"Alikuuliza nini?" mama aliuliza, akijifuta. "Hilo la kwanza."

"Alitengeneza kitanzi cha kuhesabu mpaka kumi. Kinaishia tisa. Alitaka kujua kosa."

"Jibu lake ni refu?"

"Hapana. Ni mistari miwili."

"Basi mjibu."

"Mama, hatasoma."

"Sijakuuliza kama atasoma."

Fagio alinyanyuka, akakaa kwenye kiti cha baba yake kwa mara ya kwanza. Kilikuwa chini kuliko alivyodhani. Akavuta kompyuta yake ya kazi, akafungua swali la kwanza, na mfumo safari hii haukumzuia. Kitufe chake kilikuwa pale pale kilipo siku zote, chini kulia, tayari. Alikipita. Akaandika kwa vidole vyote, taratibu, kama anayemwandikia mtu mzee:

"Baba, shikamoo. Kitanzi chako hakina kosa. Kompyuta haianzi kuhesabu kwenye moja kama sisi, inaanzia sifuri. Hesabu kwa vidole, sifuri mpaka tisa, utaona ni kumi kamili. Kwa hiyo ulikuwa umeshafika, tangu mara ya kwanza. Samahani nimechelewa kukujibu. Unaweza kunipigia saa yoyote."

Mama yake, aliyekuwa nyuma ya kiti, alisoma kwa kukunja macho, midomo inacheza. Akafika mwisho. Akaweka mkono wenye unyevu juu ya bega la binti yake.

"Tuma," alisema.

Akatuma.

Kwenye meza, kati ya bobini na bisibisi, ile kompyuta kuukuu ikawaka tena. Ting! Wote wawili walishtuka, na hakuna aliyenyoosha mkono kuipunguza sauti.